Siku Nilipomwagiwa Maziwa Kwa Wakwe

Chekeni tu, mimi nimeshazoea. Mwanaume wa miaka sitini na mbili, muuza mbegu za mahindi hapa Kitale mwenye heshima zake, akivua shati mbele ya wakwe, atajificha wapi tena?

Yote yalianzia kwa mkanda wa jeshi. Ulinishika ubavu wa kushoto, vipele vikakauka, nikashukuru Mungu, kumbe maumivu yenyewe hayajaenda popote. Miezi mitatu ubavu unawaka, unachoma, shati likigusa tu naruka. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu iliyoumizwa na ule ugonjwa, akanipa vidonge vya kila jioni ("Vinachukua wiki kadhaa, mzee, usiachie njiani") na mafuta ya kupaka ya pilipili. Ndiyo, pilipili! "Kidogo sana, halafu unanawa mikono na sabuni." Lakini mimi subira sina, bana. Vidonge vilinisinzisha dukani, nikaviacha siku ya nne.

Na sikutaka mtu ajue. Si mnajua watu husema nini wakisikia mkanda wa jeshi? Ati uko na ule ugonjwa mwingine. Kijana wangu Wafula alikuwa anataka kuoa Nekesa, msichana wa Sirisia, na nilijua wakwe wakisikia tu, ndoa imekufa. Mke wangu akasema, "Baba Wafula, tuombe siku isogezwe." Nikamfokea (alikuwa na haki, lakini msimwambie).

Sasa siku ya mazungumzo, tukikaribia Sirisia, ubavu ukaanza tena. Nikaomba tusimame, nikaingia choo cha kituo cha petroli, nikajipaka yale mafuta kutoka kwapa mpaka kiuno, nusu tyubu nzima, na mfereji hauna maji. Nikapangusa mikono kwa suruali, nikavaa koti, nikasema potelea mbali.

Tulipokelewa vizuri sana. Baba yake Nekesa akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akautikisa mpaka bega likauma. (Mama yake alinisalimia kutoka mbali, vile desturi yetu inataka, na hiyo ndiyo ilimwokoa.) Tukaketi, mabati yanachemka, chai inachemka, mimi niko ndani ya koti. Jasho likashuka, nikajipangusa uso, na jicho likashika moto. Machozi yakaanza. Kutazama mbele, baba yake Nekesa naye anafikicha macho, analia kunishinda.

"Oneni wazee wanalia kwa furaha!" msemaji wao akapaza sauti, na akina mama wakapiga vigelegele.

Mimi kukaa siwezi. Nasimama, naketi, nageukia dirisha, naketi tena.

"Mkwe, ni kiti?" mtu akaniuliza.

Halafu jasho likafika ubavuni. Wee! Sijui koti lilitoka saa ngapi. Najua nilijikuta uani, shati liko chini, fulana iko chini, najimwagia maji ya ndoo, na pilipili haisikii maji, inateremka tu tumboni. Na kwetu mtu haonyeshi wakwe mwili wake, hata mgongo. Wazee waligeukia ukuta. Mke wangu akajifunika uso na kitambaa. Nikasikia mjomba mmoja akisema, "Hawa watu wa Kitale tuachane nao." Wafula alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi, anaona mke akimponyoka kwa sababu ya baba yake, na hapo niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Aliyetoka ni bibi yake Nekesa, kila mtu anamwita Kukhu, mzee ambaye umri umemvusha mambo ya kuona haya.

"Hiyo ni pilipili," akasema. "Leteni maziwa."

Akanimwagia maziwa ya chai ya wageni, yote, akinisugua kama mtoto. Kisha mkono ukasimama. "Na hizi alama?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Mkanda wa jeshi, Kukhu. Ulipona, maumivu yakakataa kutoka. Niliogopa mtasema niko na ule ugonjwa, mtunyime msichana."

Alinitupia leso yake mabegani. "Mwili ndio mtu huficha kwa wakwe. Wewe umeonyesha mwili, ukaficha ugonjwa. Na hata ungekuwa ule mwingine! Mkwe mgonjwa tunampelekea uji. Mkwe mwongo tumpelekee nini?"

Akageuka, akawaambia wazee warudi ndani, na hakuna aliyembishia. Nilimaliza mazungumzo nikiwa kwa leso ya maua, nanuka maziwa, baba yake Nekesa ananitazama kwa macho mekundu, na Wafula akapewa mke.

Siku hizi vidonge nameza kila jioni, wiki ya sita hii, na shati navaa bila kuruka sana. Nikisinzia dukani, nasinzia. Na wakwe wakipiga simu kuuliza habari yangu, sisemi tena "mzuri tu." Naapa, nawaeleza ubavu umeamkaje, umechoma wapi, umechoma mara ngapi, mpaka wao ndio wanasema salio limeisha.