Farasi Asiyekunywa Maji

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina kibanda cha kusuka nywele Kanamkemer, hapa Lodwar, na jioni nacheza gemu. Atakayecheka acheke. Gemu zangu ni zile za mapanga, wachawi na majoka, na ya kwanza niliipenda kwa usumbufu wake. Haikukuonyesha njia, uliuliza watu, ukaambiwa pita mto mkavu, kata kushoto kwenye mwamba. Na farasi wako alishikwa na njaa na kiu. Ukimsahau alilala chini akafa, kwisha habari.

Gemu hiyo ndiyo iliyomrudishia baba yangu uhai. Ukame ulipowamaliza mbuzi wake wote kule Kalemng'orok nilimleta kwangu, akawa anashinda akitazama ukuta, sahani inarudi jikoni ilivyotoka. Siku moja akaniona nikimkimbiza farasi jangwani. Akavuta ekicholong chake, kile kigoda ambacho wazee wetu hukikalia na kukilalia, akasogea karibu.

"Huyo amekunywa?"

"Bado, baba."

"Na unakimbia naye? Una akili kweli?"

Tangu hapo ikawa balaa. Mfalme amezingirwa, joka linatapika moto, baba anapiga kelele, "Wachana na nyoka! Peleka mnyama mtoni!" Sikuwahi kumwokoa yule mfalme. Lakini farasi alinenepa, na baba pia. Jumapili moja alisimama kanisani akaomba waumini wamwombee mnyama wake anayechechemea, na mchungaji, bila kuuliza, akaomba kwa machozi. Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso.

Kisha kaka yangu wa Nairobi akanitumia mashine mpya ya gemu. Ile ya zamani, na farasi wetu ndani yake, nikampa rafiki yangu, mama wa Sudan Kusini anayeuza vitenge kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma na ambaye hulala kwangu akija Lodwar kuchukua mali. Nikawasha gemu mpya. Weh, urembo! Majani yanacheza kwa upepo. Nikapiga mbinja, farasi akatokea.

"Alikuwa wapi?" baba akauliza.

"Hakuwa popote."

"Nani alikuwa anamchunga?"

"Hachungwi, baba. Hali, hanywi, hafi." Nikamrusha kutoka juu ya jabali nimwonyeshe. Akaanguka, akasimama, akajikung'uta.

Baba akainuka na kigoda chake. "Huyo hana haja na mtu," akasema, akarudi kwa ukuta wake.

Sahani zikaanza kurudi vilevile. Nilikasirika, jamani! Nani aliwatuma hawa mafundi wa gemu watuondolee kazi? Eti wanatuhurumia! Wametupa mshale wa kufuata kama vipofu, wametupa mnyama asiye na tumbo, halafu wanashangaa mtu akichoka kabla hajafika popote. Nikampigia rafiki yangu nikamwomba anirudishie mashine ya zamani.

"Njoo," akasema, "lakini utaongea na mjomba wangu kwanza."

Tukapanda gari, mimi, baba na kigoda. Mjomba alikuwa mzee mrefu aliyefuga ng'ombe kwao kabla ya vita. Tulimkuta ameshika pedi ya kuchezea gemu kwa mikono miwili, farasi wetu yuko kwenye skrini. Baba hakusema hata ejok ya salamu.

"Kwato zimeisha! Nani amempitisha kwa mawe?"

"Majani iko upande ya mlima," mjomba akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wewe ulimuweka kwa mchanga tu."

Wakagombana mpaka chakula kikaja. Baba alikula huku akinyooshea skrini kidole, akaongezwa, akamaliza, akaomba chai. Nilitoka nje nikalia kidogo, nisidanganye.

Mashine niliyokuja kuichukua ikanishinda kuichomoa. Nilirudi Lodwar bila mashine na bila baba. Jioni huwa nampigia simu, maana nyumba imekuwa kimya na natamani hata zile kelele zake. Jana nilimuuliza atarudi lini.

"Mvua ikinyesha," akasema.

"Huko Kakuma ama huku Lodwar?"

"Hapana, huku ndani. Nyasi ikiota bondeni tutateremka naye. Sasa kata simu, hajanywa."

Gemu ile nimeicheza tangu nikiwa msichana. Humo mvua haijawahi kunyesha hata tone.