Pilipili kwenye Lenzi

Harufu ya maji ya kusafishia lenzi za machoni bado hunirudisha kwenye jiko letu la Columbia Heights, huko Marekani. Wazazi hawakuwepo tena. Mimi mkubwa nilikuwa nimeacha shule ili nimlee mdogo wangu. Yeye aliona kila herufi na kivuli chake, na daktari alimpa lenzi yenye alama ndogo inayopaswa kukaa upande wa chini wa jicho. Nilikuwa nimetoka kukata pilipili za sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilipomvisha, akapiga yowe.

“Utampofusha mtoto!” alifoka mama mmoja wa kanisani aliyekuja kututembelea. “Mwachie Mungu.”

“Vidole hivi kanipa Mungu huyohuyo, mama.”

Nikanawa sana, nikaisuuza lenzi.

“Yaya, weka tena,” alisema mdogo wangu, kwa jina analoniita mimi mkubwa wake, akilifumbua mwenyewe jicho jekundu.

Nikaweka. Akapepesa, akasoma maandishi ya basi lililopita nje ya dirisha, kisha akamgeukia yule mama wa kanisani.

“Mama, blauzi umeivaa nje ndani.”