Fidelis wa Bigwa, balozi aliyekataa viboko

Enzi zile Morogoro nzima ililala milango wazi kwa sababu yangu, hilo halina ubishi, na mtu pekee aliyekuwa akinibishia amefariki jana.

Kichwa bado kinakataa. Mwanawe kanipigia simu asubuhi, nikamwambia rudia, akarudia. Nikamwambia rudia tena.

Kwa vijana msiojua: nilikuwa mgambo pale Bigwa, miaka ya ujamaa, miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Kwa lugha ya leo, bosi wa sekyuriti. Bunduki yangu ilikuwa ya mbao, lakini chui aliyeshuka kutoka Uluguru aliiona begani kwangu akageuza njia. Mashahidi wapo, ingawa wengi wameshatangulia.

Marehemu Fidelis, Kaka Fide kwangu, alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Mkulima wa kabichi, suruali moja ya kaki, na pasi ya mkaa aliyoipenda kuliko redio. Ukipita kwake huondoki bila gimbi la kuchemsha mkononi.

Nawaona humu kwenye grupu mnabishana usiku na mchana. Uhalifu umezidi, polisi wawe wakali, wengine mnasema hapana. Wanangu, hiyo mada sisi tuliikalia zamani, kwenye uwanja wa shule, mchana wa jua kali.

Wizi ulikuwa umeshika kasi. Mbuzi, mabati, nguo kwenye kamba, mpaka baiskeli ya katekista. Mkutano wa tawi ukaitwa. Mimi nikasimama nikapendekeza hivi: mgeni yeyote atakayekutwa njiani saa za kazi bila barua ya balozi, viboko mbele ya watu, kisha apakiwe lori apelekwe mbali. Makofi yaliyopigwa siku ile, nadhani Kihonda waliyasikia.

Fidelis akanyoosha mkono. Akasema, "Ndugu zangu, tukimchapa mgeni, mwizi wetu wa hapa hapa atakuwa amekaa nasi anapiga makofi."

Nikamjibu kwamba huruma yake itatumaliza. Watu wakacheka. Tukapiga kura, nikamshinda vibaya. Hakununa. Jioni aliniletea kabichi.

Wiki ya pili tu nikamnasa mtu. Mzee mmoja anaitwa Athumani, katoka Kihonda kwa miguu, kanzu safi, bakora mkononi. Nikampa shikamoo kwanza, akaitikia marahaba, kisha nikamkamata.

Akatoa barua. Nikaishika, nikaitazama muda mrefu, nikamwambia, "Hii ya kughushi." Nikamfungia kwenye ghala la mahindi. Viboko vikapangwa saa tisa.

Sasa sikilizeni. Yule mzee alikuwa mjomba wa binti aliyekuwa anaposwa siku ile ile kwa jirani yetu. Na kwa Waluguru, mjomba asipokaa pale mkekani, posa haipokelewi, hata baba wa binti awe nani. Waposaji walikuwa wamekaa tangu asubuhi, wameshaanza kuangalia viatu vyao mlangoni. Binti, niliambiwa baadaye, alikuwa nyuma ya nyumba analia.

Fidelis akaja mbio na tope la shambani miguuni. Barua aliiandika yeye, akaituma Kihonda kabla, ili mzee apite salama. Mwenyekiti wa tawi akatoka, watu wakajaa, na fimbo ilikuwa imeshakatwa.

Fidelis akanipa ile barua taratibu. "Mdogo wangu, hebu nisomee mstari wa kwanza tu. Unasemaje?"

Nikakohoa. Nikasema jua linanipiga machoni. Nikageuka upande wa pili, jua likanifuata.

Akanitazama. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, kifua mbele, kofia ya mgambo, na jasho linashuka mpaka kwenye mkanda. Neno moja tu kutoka kwake na nilikuwa nimekwisha. Yeye aliyeshindwa kura, alikuwa na ushindi wake mkononi.

Akaichukua barua, akamgeukia mwenyekiti. "Kosa ni langu. Niliandika haraka haraka, mwandiko wenyewe hausomeki. Mgambo alikuwa na haki ya kutilia shaka."

Akakaripiwa mbele ya wake zetu na watoto wetu. Kiongozi mzembe, karibu amponze mgeni. Akaitikia, "Nimekosa, ndugu mwenyekiti." Mzee Athumani akatolewa na vumbi la mahindi kwenye kanzu, akafika mkekani waposaji wakiwa wameshasimama. Posa ikapokelewa. Wale wana wajukuu sasa.

Mimi nikasifiwa kwa umakini. Na baada ya pale viboko vikafutwa kimya kimya. Mgeni akisimamishwa, anaitwa mwenyeji wake kwanza. Baiskeli ya katekista haijaonekana mpaka leo.

Nimesimulia ushindi huo miaka yote, harusini, vijiweni, hata hapa. Fidelis akiwepo alikuwa anakula tu, anatikisa kichwa.

Tangu siku ile barua zake zote aliziandika kwa herufi kubwa, moja moja, zimeachana kama miche ya kabichi. Mji mzima ulimcheka, balozi anaandika kama mtoto wa chekechea. Nami nilicheka, tena kuwazidi.

Kaka Fide, nilitoka shule darasa la pili. Nilikuwa najua herufi kubwa tu, za kwenye mabango na magunia. Zile za mkono, za kushikana, zilikuwa kwangu kama nyayo za kuku.

Ulijua. Miaka yote hiyo hukumwambia mtu, hata mke wangu.

Pumzika, balozi wangu. Hii nimeiandika kwa kidole kimoja tangu asubuhi, na mjukuu kanisaidia kwenye herufi ndogo.