Nilimpandishia Dau Ng'ombe wa Mama kwa Jina la Uongo

Jamani, nimekosa! Najionea kinyaa. Jina langu msiniulize, mimi ni mtu wa Tlawi, basi.

Mama alitaka kumuuza ng'ombe wake wa maziwa ili akatibiwe mguu. Alitaka nimpeleke mnadani kama watu wote. Mimi mjuaji nikamwambia, "Mama, siku hizi watu wanauzia kwenye simu." Akakubali, tena akasema kitakachozidi bei ya mnadani nichukue mimi. Hapo tamaa ikaniingia.

Nikajiunga na kundi moja la mnada wa mtandaoni. Muuzaji anaweka picha na bei ya kuanzia, wanunuzi wanapanda dau, muda ukiisha aliye juu ndiye amenunua. Nikaanzia chini ili niwavute watu. Wakaja wachache, wakaacha mapema, akabaki mmoja tu aliyejiita Mpole.

Mnadani mnaonana macho kwa macho. Kwenye simu nani anakujua? Nikachukua laini yangu ya pili, nikajiandikisha kwa jina la Tajiri wa Katesh, nikaanza kumpandia. Tajiri! Mimi niliyekuwa natembelea viatu vya kuazima!

Mpole akipanda, na mimi napanda. Kuna mahali alinyamaza, nikaingiwa na baridi, maana muda ungeishia pale ningekuwa nimejiuzia ng'ombe wetu mwenyewe. Halafu akapanda tena. Badala ya kushukuru nikamwongezea nyingine, huku nacheka peke yangu. Pumbavu kabisa!

Alishinda kwa bei ambayo ng'ombe wa namna ile hafikii. Akamtuma dalali na pesa taslimu, ng'ombe akaondoka. Mama akapata zake, mimi nikanunua simu mpya.

Jumapili iliyofuata nikasikia ng'ombe analia nje. Natoka, namkuta mjomba wangu, mdogo wake mama, ametoka kwake Getanuwas, kashika kamba. Ng'ombe ni yule yule!

"Shikamoo dada," akamwambia mama. "Nilimwona kwenye simu nikamtambua. Ungejua ni mimi ungekataa, ndiyo maana nikajificha. Wewe katibiwe mguu, na maziwa uendelee kunywa."

Mama akalia. Akamuuliza pesa ametoa wapi. Mjomba akasema ameuza maksai wake wote wawili.

"Nilijua mmoja angetosha, dada. Lakini kulikuwa na mtu mbishi huyo! Kila nikipanda, naye yumo. Tajiri wa Katesh, sijui ana roho gani."

Na mvua zilikuwa zinakaribia. Mjomba analimia maksai wale, hana kingine.

Mama akainua mikono mbele ya majirani waliokuja kumwona ng'ombe. "Mtu huyo aliyemwacha mdogo wangu bila maksai, Mungu asimpe raha mpaka aseme mwenyewe!" Watu wakaitikia amina. Kwetu mzazi akitamka neno kama hilo huwezi kukaa kimya, watu wanakutazama. Nikasema amina! Kwa mdomo wangu huu mchafu!

Simu nimeiuza, lakini haifiki hata bei ya ndama. Mjomba mwaka huu amelima kwa jembe la mkono. Juzi alipita kumjulia mama hali, akanishika bega na ule mkono uliojaa malengelenge. "Mjomba," akaniambia, "asante kwa kumtunza dada yangu."

Ninyi mnaoanza kuuza kwa mnada wa simu, wekeni bei ya kuanzia ambayo hata ng'ombe akiondoka kwa bei hiyo hamtalia, halafu waacheni wanunuzi washindane wenyewe. Usijipandie dau! Yule unayemkamua humwoni, hujui anauza nini ili akufikie.

Nimeweza kuwaambia ninyi msionijua. Mama yupo hapo jikoni, namsikia anakohoa, na kwake bado sijaenda.