Taa ya oili ikawaka mteremkoni, nami nikaona haya kumsahihisha baba mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Hii nimekaa nayo tangu enzi za Zaïre na siongezi chumvi. Nimezaliwa Kolwezi, kwa hiyo Kiswahili cha Katanga kikinitoka mnivumilie.

Baba mkwe wangu, Tata Asumani, alikuwa mtu wa Maniema, msafirishaji. Alikuwa na pikapu moja, dereva ni mimi.

Sasa sikilizeni. Wasafirishaji wa kwetu tulikuwa na mtindo wa kuongeza spring za nyuma ili gari libebe magunia mengi zaidi. Likiwa na mzigo linakaa sawa. Likiwa tupu, matako juu, pua chini. Tulijiona wajanja kweli.

Siku hiyo tulikuwa Lubudi. Mke wangu Zaina, mimba ya miezi minane, akaanza kutoka damu asubuhi. Nesi akasema mpelekeni Kolwezi hospitali, upesi. Tukamweka katikati yetu, mimi kwenye usukani, baba yake mlangoni. Nyuma hakuna kitu.

Mteremko wa kwanza nikakanyaga breki, taa nyekundu ya oili ikawaka. Kwenye tambarare ikazima.

Mteremko wa pili, vilevile.

Tata akasema, "Simama. Mafuta imepunguka, ongeza."

Nikapima kwa kijiti. Oili iko kwenye alama kabisa. Nikamwonyesha. Akasema, "Ongeza."

Wakuu, mimi nilijua. Nilijifunza ufundi gereji moja ya Musonoi. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu yake inanyonya upande wa nyuma. Pua ikiinama halafu ukafunga breki, oili yote inakimbilia mbele, pampu inanyonya hewa. Na ukijaza kupita alama, kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaipiga oili mpaka inatoa povu. Povu halilainishi chuma.

Nilijua yote hayo, na nikamwaga lita mbili.

Kwetu mkwe habishiwi. Hata kumtazama usoni ni shida.

Tukaenda. Mteremko wa tatu taa ikawaka na haikuzima tena hata kwenye tambarare. Moshi wa bluu nyuma. Halafu injini ikaanza kugonga kwa chini, ko-ko-ko. Zaina alikuwa amenishika goti, mkono wake wa baridi. Nikazima injini.

Hapo ndipo nikafungua kinywa. "Tata, unisamehe. Mafuta haikupunguka. Iko inakimbia mbele, na ile tuliongeza iko inaharibu."

Alishuka, akaanza kuokota mawe nilipomwambia tujaze nyuma ili matako ya gari yashuke. Mzee wa kanzu, anabeba mawe.

Mimi nikaingia chini, nikalegeza nati ya sampu, nikapunguza oili mpaka kwenye alama. Iliniunguza mkono. Kisha tukangoja povu litulie, na kungoja kule sitaki kukukumbuka. Zaina hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mawe yakajaa, gari likakaa sawa. Miteremko yote nikashuka kwa gia ndogo, breki naigusa tu. Taa haikuwaka tena.

Tulifika mchana. Zaina alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona. Daktari alisema tu kwamba tulichelewa.

Baadaye nilishusha ile sampu, nikachomelea vibati vya kuigawa ndani, vyenye matundu, ili oili isikimbie yote kwa mara moja. Spring za ziada nikazitoa. Vijana mnaoinua magari nyuma, fanyeni hivyo kabla hamjaona taa. Na taa ikiwaka, pima kwanza. Usijaze kwa hasira.

Baada ya kuzika, Tata alinijia nyumbani, jambo ambalo mkwe hafanyi.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Tata."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu we ni mukwe wangu."

Akakaa chini, kwenye sakafu. Akasema, "Mi nilikosea, we ulinyamaza. Tuko bawili."

Mafundi nisahihisheni palipo na kosa. Na wengine semeni ukweli: mngekuwa ninyi, mngembishia?