Ubeti Wenye Wenyewe

Wanafunzi walimwita Mama Kwaya, na hata walimu wenzake walikuwa wamekwisha kulisahau jina lake. Alisoma katika sekondari moja ya pembezoni mwa mji, akarudi kufundisha muziki, na mvi zikamwotea humo humo. Kila Jumatatu, mbele ya mlingoti, alinyanyua mkono na shule nzima ikaimba wimbo wake. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kisha kimya. Mamia ya vijana walisimama wima, midomo imefungwa, kwa muda wa ubeti mzima, ndipo wakaimba wa nne.

Wageni wa kidato cha kwanza walicheka mara moja tu, wakafinywa na dada zao wa kidato cha nne. "Hapa hatuimbi. Usiulize." Dada hao nao hawakuijua sababu, waliupokea ukimya kama walivyopokea sare.

Mama Kwaya aliijua. Alipokuwa msichana wa shule hiyo, ukuta wa ukumbi ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja. Wanafunzi walisema, walimu wakaandika, wakubwa wakaupaka rangi, maana mgeni rasmi alikuwa njiani. Ukuta ukawaangukia waimbaji wa sauti ya pili mazoezini, katikati ya ubeti wa tatu. Pacha wake alikuwamo. Watu wakasema ni ajali. Ajali haishiki brashi ya rangi. Hakikuwekwa hata kibao. Ukimya ule ndio uliokuwa kaburi lao pekee shuleni.

Sasa ukumbi mpya ulikuwa karibu kufunguliwa pale pale, na mkuu mpya wa shule, kijana wa kuvaa tai hata juani, akamwita ofisini.

"Mwalimu, mgeni rasmi atadhani watoto wamesahau maneno. Waimbe beti zote."

"Ule wa tatu una wenyewe, Mkuu."

"Wenyewe ni wanafunzi. Au kwaya nimpe mwalimu wa michezo? Yule atawaimbisha hata jedwali la kuzidisha."

Kunyang'anywa kwaya kulikuwa sawa na kunyang'anywa pacha wake mara ya pili. Akakubali. Mchana huo akawakusanya waimbaji, akafungua kinywa awafundishe maneno, na binti wa kidato cha kwanza akamtangulia. Wengine wakafuata. Waliimba ubeti wote, sauti ya pili, na pale pacha wake alipozoea kuliburuta neno la mwisho, nao wakaliburuta.

"Nani kawafundisha?"

Wakatazamana. "Si tunausikia kila Jumatatu, Mama? Wewe huusikii?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia kitu.

Siku ya ufunguzi, wakiwa mlangoni, aliwanong'oneza: "Wa tatu, fungeni midomo. Lawama ni yangu." Baada ya ubeti wa pili akashusha mkono. Midomo yote ilifungwa. Aliikagua mmoja mmoja. Lakini mgeni rasmi alikuwa akitikisa kichwa taratibu, na kiatu cha mkuu kikipigapiga sakafu, vyote viwili kwa pigo moja.

Wimbo ulipokwisha mkuu alimjia mbio. "Umeona, Mwalimu? Wa tatu ndio umenoga. Hasa ile sauti ya pili. Wako wapi niwapongeze?"

Mama Kwaya alimwonyesha ukuta, rangi yake ingali mbichi, akaanza kuwataja kwa sauti ya kufika hadi meza ya mgeni rasmi. Alianza na pacha wake.