Kengele Isiyokuwa ya Misa

Ndani ya mnara ule kulinuka kinyesi cha popo, matofali yaliyolowa mvua, na kamba ya katani iliyoshikwa na mikono ya watu wengi. Mpaka leo nikiingia ghala lenye popo, hujikuta nimetoka nje kabla sijajua kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi. Shangazi yangu Taaka, dada ya baba, aliyekuwa akinilea, ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa misheni yetu, iliyokuwa juu ya kilima kati ya Chakol na Malaba. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Alipofariki, padri alijaribu wanaume watatu, wote wakashindwa na saa, na shangazi akaendelea kupiga bila kuambiwa na mtu.

Mnara huo ulisifika mpaka Mundika, na hata watu wa ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, walijua saa zao kwa kengele yetu. Mzee Emojong, jirani yetu, alikuwa kijana wa mwashi ulipojengwa, na alipenda kunisimulia huku akiupapasa ukuta. Msingi ni mawe ya vilima vya Teso: waliwasha moto juu ya mwamba, ukishika joto wanaumwagia maji baridi, nao unapasuka wenyewe. Matofali yalitokana na udongo wa bondeni, uliokanyagwa na akina mama wakiimba, yakachomwa papo hapo. Chini kuta ni nene kama urefu wa mkono wa mtu mzima, na kila ghorofa hupungua unene wa tofali moja, ndiyo maana ukitazama kutoka mbali unaona mnara umejikusanya mabega. Sakafu ni mbao za mvule. Juu kabisa madirisha yana vibao vilivyoinamishwa, sauti itoke na mvua isiingie. Kengele yenyewe ilikuja kwa treni mpaka Malaba, kisha ng'ombe wakaivuta juu ya magogo mpaka kilimani.

Miaka hiyo ya sabini, neno Uganda lilisemwa kwa sauti ya chini. Watu walivuka mto wakiwa na godoro kichwani, au bila chochote. Tuliambiwa kwamba hata sokoni kuna masikio, kwamba mtu anaweza kununua nyanya zako huku akihesabu wageni wako. Ndipo akaja Akisa, muuguzi kutoka Tororo, akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Mumewe alikuwa ametolewa kazini mchana kweupe, akatiwa kwenye buti ya gari, na sasa askari kanzu wa serikali ya huko walikuwa wakimtafuta yeye. Nyumba yetu haikukosa wageni, kwa hiyo shangazi akamficha ghorofa ya tatu ya mnara, akinituma kumpelekea uji.

"Ukiulizwa?" shangazi aliniuliza kila asubuhi.

"Sijui."

"Wakikuuliza tena?"

"Sijui."

Jumamosi moja alasiri shangazi alikwenda sokoni Chakol, na padri alikuwa safarini. Nilikuwa nafagia chini ya mnara niliposikia hatua. Waliingia wanaume wawili. Barabara ilikuwa vumbi tupu, lakini viatu vyao viling'aa, nikajua wameacha gari mahali fulani ili lisionekane.

"Habari, mtoto. Padri yuko?" aliuliza mmoja, kwa Kiswahili cha ng'ambo.

"Hayuko."

"Tumesikia huu mnara ni wa zamani sana. Tunataka kuangalia tu. Utatupandisha?"

Badala ya kuwapandisha, nikaanza kusimulia. Niliwaeleza habari za mwamba na maji baridi, za akina mama na udongo, za mvule, za ng'ombe na magogo. Nilisikia sauti yangu kama ya mtoto mwingine. Yule wa kwanza alinisikiliza akitabasamu. Mwenzake hakunisikiliza. Alikuwa akitazama tundu la ngazi.

Kisha juu mtoto wa Akisa akakohoa, kile kikohozi kidogo kinachotangulia kilio.

Sikumbuki nilivyoamua. Nakumbuka kamba mikononi, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, na kengele ikalia. Ilininyanyua miguu ikanishusha, nikavuta tena. Kwa makubaliano ya zamani, kengele isiyokuwa ya misa wala ya saa ilimaanisha moto. Mmoja wao alinishika bega, "Acha! Acha, wewe!" lakini vidole vilikataa kufunguka.

Watu walikuja mbio kutoka mashambani na ndoo na majembe, Mzee Emojong mbele, kifua wazi. "Moto uko wapi?" Nilibaki nimeshika kamba. Nilikuwa nimejikojolea. Mzee akawatazama wale wanaume, akatazama ngazi, akanitazama mimi.

"Mtoto amecheza na kengele," alisema polepole. "Poleni, wageni. Karibuni nje tuongee."

Hakuna aliyewatisha. Watu walisimama tu pande zote za njia, na ndoo zao, mpaka wale wawili wakaaga na kushuka kuelekea Malaba.

Shangazi alisikia kengele akiwa njiani, akatupa kikapu cha wimbi akakimbia. Nilitarajia sifa au kofi. Alivishika viganja vyangu vilivyochubuka, akaketi chini, akalia kwa muda mrefu. Asubuhi iliyofuata Akisa aliondoka na lori la pamba kuelekea Bungoma. Alinishika shavu akasema, "Asante, mwanangu," na sikupata habari zake tena. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Walioniita shujaa hawakujua kwamba kwa miezi mingi nililala nimeshika kanga ya shangazi, na kwamba sikukanyaga mnarani tena mpaka nilipomaliza shule ya msingi.

Siku hizi mnara umepakwa chokaa, na wageni huja kupiga picha. Kijana anayewatembeza huwaeleza habari za mwamba na za ng'ombe, vizuri kabisa, kisha huwauliza kama wana swali. Mimi huwa sina. Mjukuu wangu anasoma Tororo, huvuka asubuhi na kurudi jioni akilalamikia msongamano wa malori. Juzi tulipokuwa tukipita darajani aliniuliza mpaka hasa ni upi. Nikamwonyesha mto.

"Huu tu, nyanya? Mbona ni mdogo hivi?"

"Ni mdogo," nikamjibu. Siku zile ulikuwa mpana, nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ametangulia, ameshafika upande wa pili.